Mama Foni na Simu Zenye Plasta

Jina lake sitalitaja. Mwaka aliozaliwa sitautaja, na kijiji cha mama yake mzazi hamtakisikia kwangu hata mkinitumbukiza kwenye maporomoko ya Wagenia. Si kwamba sivijui. Ni yeye mwenyewe aliyetufundisha, jioni ya kwanza kabisa ya darasa, kwamba jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na kijiji cha mama ndivyo vitu ambavyo mwizi wa mtandao anavitafuta kwanza, na kwamba mtu anayevitoa vyote kwa pumzi moja amejivua nguo katikati ya soko. Nikiviandika hapa atanipigia kabla hamjafika mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo nitamwita kama Kisangani inavyomwita: Mama Foni.

Vijana wa leo hawaijui foni, basi niwaeleze. Kabla minara ya simu haijasimama, mtu wa Kisangani aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Basoko alikwenda kwenye foni: chumba chenye redio kubwa, antena juu ya paa, betri ya lori chini ya meza, na mwendeshaji mwenye kipaza sauti mkononi. Mwendeshaji huyo alikuwa yeye. Ulikaa kwenye benchi ukingoja zamu yako, na kila aliyekaa kwenye benchi alisikia mambo yako. Kila mwenye redio kutoka hapa hadi Buta alisikia pia. Watu waliposwa hewani, wakaachwa hewani, wakafiwa hewani, na yeye katikati akiwaambia waseme "à vous" wakimpa mwenzao nafasi, na "terminé" wakimaliza. Hilo la mwisho lilimbakia mdomoni hadi uzeeni. Ukibishana naye akachoka, alisema "terminé", na mazungumzo yalikufa palepale kama injini iliyoishiwa mafuta.

Sauti yake, nasema bila kutia chumvi hata punje, ilivuka mto bila mtumbwi. Alikuwa anakaa Lubunga, ng'ambo. Akisimama ukingoni kule kumwita mpiga kasia, watu wa upande huu waliacha kununua samaki wakageuka, kila mmoja akidhani ameitwa yeye. Mbuzi pia waligeuka. Lakini mdomo huohuo ulikuwa umefungwa kuliko sanduku la paroko. Alikuwa amesikia siri za jimbo zima, na hakuna aliyewahi kumsikia akitoa hata moja.

Darasani kwetu alikuwepo mfanyabiashara mmoja, mtu mzima, mwuza vitenge, aliyependa kumchokoza. Jioni moja alimwuliza mbele yetu sote kama si yeye aliyemsikia marehemu baba yake akiongea na mwanamke mmoja wa Isangi. Mama Foni alifuta ubao polepole hadi ukawa mweusi kabisa, kisha akamjibu bila kugeuka.

"Baba yako alikuwa na sauti nzuri. Terminé."

Mimi niliingia shule ya jioni nikiwa na ndevu. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na miguu yangu ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mvua ilikuwa inanikosa. Diploma yangu niliifukuza miaka na miaka kama kuku aliyetoroka siku ya sikukuu, na nilipoikamata niliilaza kitandani, mimi nikalala chini. Basi, kwenye shule hiyo, katika ukumbi wa parokia wenye kompyuta chache na jenereta iliyokohoa kuliko babu yangu, Mama Foni alifundisha kompyuta. Foni ilipokufa kwa sababu ya simu za mkononi, yeye hakukaa kulia. Alikwenda kujifunza kompyuta akiwa mzee kuliko mwalimu wake, na siku chache baadaye, kwa jinsi ninavyopenda kuisimulia, mwalimu akawa anamwuliza yeye.

Jioni ya kwanza alituambia tuweke simu zetu zote juu ya meza yake, kisha twende nje tukanywe maji. Tulitii kama kondoo. Tuliporudi kila mmoja alikamata simu yake, akaigeuza, akaikagua. Hakuwa amegusa hata moja. Ilikuwa zamu yake kushangaa, au kujifanya.

"Sasa munaangalia nini? Munanijua tangu saa gani? Nimesema weka, mumeweka."

Palepale alitupa sheria ya kwanza, ambayo tuliirudia kila jioni kama Baba Yetu: simu ya mtu haiguswi bila ruhusa yake. Anayeigusa anatoka darasani na harudi. Mlinzi na mwizi, alisema, wanajua mambo yaleyale, wana vifaa vilevile, na wakati mwingine wana sura moja. Kinachowatenganisha ni ruhusa, na ruhusa inatangulia. Mtu anayeomba ruhusa baada ya kuingia amekwisha kuwa mwizi mwenye adabu.

Na aliishika sheria hiyo hadi ikawa kichekesho. Siku moja simu ya yule mwuza vitenge ilikuwa inatetemeka mezani, inatambaa yenyewe kwenda ukingoni. Mama Foni alikuwa amesimama karibu nayo, angeizuia kwa kidole kimoja tu. Badala yake alimwita mwenyewe kwa ile sauti ya kuvuka mto. Mwenyewe alikuwa nje. Simu ilifika ukingoni, ikaanguka, kioo chake kikawa utando wa buibui. Mwuza vitenge alipoingia na kuuliza kwa nini hakuishika, alijibiwa kwamba hapakuwa na ruhusa. Nilicheka hadi nikatoka nje. Lakini nikiwa nje nilishtuka kidogo, kwa sababu nilielewa kwamba hakuwa anatania.

Alikuwa na mambo yake mengine. Alikula liboke, samaki wa kuokwa ndani ya majani, kwa uma, jambo ambalo sijaliona kwa binadamu mwingine yeyote. Yeye, mwalimu wa usalama wa mtandao, alitembea na simu ndogo ya vibonyezo isiyo na kitu chochote ndani, akisema nyumba yenye milango michache inafagiwa haraka. Hakupenda kupigwa picha. Akitajiwa padri alisimama kwa heshima, na bado alitufundisha kwamba hata padri mwenyewe akikupigia akaomba kodi yako, yaani namba ya siri ya kufungulia simu, mwambie akuombee kwa Mungu, lakini kodi asipate.

Tena alichukia uongo. Mwanafunzi aliyechelewa akasingizia mvua alirudishwa mlangoni aingie upya na sababu ya kweli. Hata hivyo sijawahi kukutana na mwongo hodari kama yeye. Somo lake kubwa lilikuwa hili: alikaa nyuma ya ubao, tusimwone, akajifanya anapiga simu. Sauti ilibadilika. Mara ni kijana wa kampuni ya simu, mpole, mwenye haraka kidogo. Mara ni dada wa ofisi ya chuo kikuu. Mara ni shangazi aliyekwama bandarini analia.

"Allô, bonjour mutoto yangu. Niko ku ofisi ya université. Jina yako imetoka, félicitations. Bon, kuna namba kidogo imeingia ku simu yako sasa hivi, unisomee tu, nisikufutie nafasi."

Tulijua ni yeye. Tuliona miguu yake chini ya ubao, na viatu vyake vya kahawia. Na bado tulisoma namba! Mimi mwenyewe nilisoma, na namba yenyewe haikuwepo, niliibuni ili nisimwudhi dada wa ofisi. Alitoka nyuma ya ubao akaniangalia kwa huruma kama mtu anayeangalia kuku aliyejipeleka jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo alilolipenda kuliko yote, na lililotushtua kuliko yote.

Jirani yake kule Lubunga alikuwa amempokea binti ya kaka yake, Fideline, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari kutoka kijiji kimoja chini ya Yangambi, njia ya kwenda Basoko. Kijiji nacho sitakitaja, mnajua sababu. Fideline alikuja mjini kutafuta nafasi ya kusoma kilimo chuoni. Alikuwa na akili ya kukata kuni. Mtu mmoja alimpigia, akajiita mtu wa ofisi ya chuo, akamwomba asome namba iliyoingia kwenye simu. Fideline akasoma. Kufikia mchana mtu huyo alikuwa amechukua akaunti yake na anawaandikia ndugu zake wote, kwa jina lake na picha yake, kwamba amelazwa, yuko mahututi, wasaidie haraka.

Habari ilishuka mto. Ilipofika kijijini ilikuwa imekwisha kumwua. Baba yake alipanda boti na mashangazi wawili, mkeka wa msiba umekunjwa kwapani. Walitua Lubunga wanalia, wakaingia uani wanalia, wakamkuta marehemu anatwanga pondu, majani ya muhogo. Fideline aliangusha mchi. Shangazi mmoja alizimia. Mwingine aliendelea kulia muda mrefu, kwa sababu, alivyoeleza baadaye, alikuwa amejiandaa tangu Yangambi. Mama Foni alisikia kelele, akaja, akasimuliwa. Yule baba, mtu mrefu mwenye mikono ya mvuvi, alikaa juu ya mkeka wake wa msiba akamwuliza.

"Mama, mutoto yangu iko na akili. Namna gani ameibiwa na sauti tu?"

"Sababu hakuna mutu alimufundisha kama sauti inaiba."

Wiki iliyofuata Mama Foni alikuwa ndani ya boti anashuka mto kwenda kufungua darasa kwenye shule ya kijiji cha Fideline, mwavuli wazi juu ya kichwa, na mimi nyuma yake nimebeba ubao. Fideline alirudi naye, akakaa dawati la mbele. Kijiji hakikuwa na kompyuta, wala umeme. Mama Foni alichora vibonyezo vya simu kwenye ubao wa mbao, kwa rangi ya mlango, na hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu. Kila mwaka, aliniambia ndani ya boti, watoto wa vijiji hivi wanapanda mjini na simu mpya mkononi na kichwa wazi. Mtoto wa mjini akiibiwa, jirani atamwambia badili kodi haraka. Wa kijijini, hadi habari imfikie, mwizi amekwisha kula ukoo mzima. Darasa hilo likifa, alisema, kina Fideline wataendelea kufa na kufufuka kila mwaka, na siku moja hatafufuka mtu. Sikumwona akitaka kitu kingine chochote kwa nguvu kama alivyotaka darasa lile liishi.

Darasa liliwaka moto. Watoto walijazana hadi madirishani. Kisha Mama Foni akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aulize kwao ni nani anayejua kodi ya simu ya baba.

Ee! Jioni ile kijiji kizima kilikosa usingizi wa mapema. Baba mmoja alijibu kwamba mkewe anaijua. Mke akasema haijui, hajawahi kupewa. Basi anayeijua ni nani? Nyumba ya pili, mke alisema anaijua, na mume hakujua kwamba mkewe anaijua. Asubuhi kulikuwa na wanaume wanaopasua kuni ambazo hazikuhitajika. Ikasemwa kwamba mama wa Kisangani amekuja kuvunja ndoa. Ikasemwa pia kwamba anafundisha watoto wizi, kwa sababu anawaonyesha njia za mwizi. Papa Prezida, yaani mwenyekiti wa komite ya wazazi, mtu wa kofia na maneno machache, aliitisha kikao cha wazazi shuleni Jumamosi mchana. Ajenda ilikuwa moja tu: kufunga darasa.

Hapa lazima nieleze habari ya plasta. Kijiji kizima kilichaji simu kwa mtu mmoja, Papa Plaki, aliyekuwa na plaki za kuvuta umeme wa jua juu ya paa. Asubuhi unamwachia simu, jioni unaichukua. Lakini simu ikiita huku mwenyewe yuko shambani? Huenda ni habari ya msiba, au ya boti iliyopata ajali. Kwa watu wale, kuacha simu ya mtu ilie bila kuipokea ni kama kumwacha mgeni amesimama juani. Kwa hiyo kila simu ilikuwa na plasta nyeupe mgongoni, ile ya kufungia kidonda, na juu ya plasta jina la mwenyewe na kodi yake, kwa kalamu, kwa herufi kubwa, ili Papa Plaki apokee, au kama ni ujumbe aifungue asome, kisha amwite mwenyewe. Ndiyo, kodi ileile waliyoigombania usiku; walikuwa wameizoea hata hakuna aliyekumbuka kugeuza simu. Ilikuwa adabu tupu. Walikuwa wameibandika siri yao mgongoni kwa sababu ya upendo. Mimi nilipoziona simu zile zimejipanga kwenye ubao wa Papa Plaki na plasta zao kama wagonjwa wodini, nilikaa chini. Mama Foni hakukaa.

Jumamosi ile, kikao kikiwa bado, tulipita kwa Papa Plaki kuchukua simu yangu. Ya Papa Prezida ilikuwa pale, plasta yake safi. Mama Foni alimsalimia Papa Plaki, akauliza habari za mgongo wake, kisha akasema kwa upole kwamba anataka kutuma neno kuhusu kikao kwa simu ya Prezida. Papa Plaki alimpa kama mtu anavyompa mgeni kiti. Akaipokea. Akasoma plasta. Akafungua.

Jamani. Mwanamke aliyeacha simu ianguke ivunjike kwa kukosa ruhusa! Nilisimama pale na mdomo wazi, inzi wangeweza kuingia wakafanya uchaguzi. Aliandika kwa vidole viwili, kwenye kikundi cha wazazi wote: kikao kimehamia kanisani, kila mtu aje na kiti chake, Prezida. Akatuma. Akamrudishia Papa Plaki, akamshukuru, akafungua mwavuli.

Wachache waliokuwa na simu nyumbani waliwaita wengine, na dakika si nyingi kijiji kizima kilikuwa njiani na viti kichwani. Viti vya plastiki, vigoda, madawati. Mama mmoja alibeba kinu akakigeuza. Mzee mmoja alibebwa pamoja na kiti chake cha mikono kama askofu. Shuleni, Papa Prezida alikuwa amesimama mbele ya chumba kitupu na hotuba yake. Alingoja. Akatoka, akakuta nyumba zimefungwa na mbuzi tu barabarani. Baadaye alisema alidhani amekufa bila kujua. Alipofika kanisani anahema, alikuta watu wote wamekaa wanamngojea, tena wamekasirika.

"Prezida," mama wa kinu alimwambia, "unatuita na viti yetu, kisha unachelewa?"

"Nani aliwaita hapa?"

Simu kadhaa ziliinuliwa. "Ni weye. Jina yako iyi hapa."

Alichukua moja akasoma. Sijaona tena uso kama ule, uso wa mtu anayesoma maneno yake ambayo hakuyasema. Ndipo Mama Foni akasimama.

"Ni mimi, Papa. Nimechukua simu yako kwa Papa Plaki. Kodi iko ku plasta, sawa ya kila mutu hapa. Mimi nimehamisha kikao. Mwizi angehamisha nini?"

Wenye simu mkononi walizigeuza, wakasoma plasta zao. Kisha mtu akacheka, na kicheko kikapita benchi kwa benchi, na katikati ya kicheko watu wakaanza kukimbia. Walikwenda kwa Papa Plaki kubandua plasta. Walirudi nazo zimewanata vidoleni. Mama wa kinu alisema darasa liendelee, na yeye mwenyewe atakaa nyuma ajifunze. Wengi waliitikia. Tulikuwa tumeshinda! Mimi nilikwisha kuanza kupanga jinsi nitakavyoisimulia Kisangani.

Papa Prezida peke yake hakucheka. Alivua kofia.

"Mama, batu walisema unafundisha wizi. Nilikuwa nakuja kukufukuza, lakini mu roho sikuamini sana. Sasa nimekuona na macho."

Watu walimzomea. Mama Foni akainua mkono, wakanyamaza.

"Papa iko na haki," alisema. Akamtafuta Fideline kwa macho. "Fideline, sheria ya kwanza."

Fideline alisimama. Aliangalia chini. "Simu ya mutu haiguswe bila ruhusa yake."

"Na mwenye kuigusa?"

Fideline alianza kulia. Mama Foni alingoja, kama alivyozoea kungoja redioni mtu wa upande wa pili apate sauti.

"Anatoka, Madame. Harudi."

Mama Foni alichukua mwavuli wake. Alimwambia Papa Prezida pole, kwa mikono miwili. Akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya viti vyote vile, akateremka mtoni kungojea boti. Watu walimfuata wakimsihi, mama wa kinu akamshika nguo. Alisema neno moja tu, mnalijua.

Darasa likabaki kwangu. Mimi na diploma yangu! Nilijaribu, Mungu anajua. Nilikaa nyuma ya ubao, nikajifanya dada wa ofisi ya chuo. Watoto walicheka, kwa sababu dada alikuwa na ndevu na alikuwa ananguruma. Fideline alikwenda zake mjini kusoma, akiwa macho kabisa. Waliobaki walipungua. Tena plasta zikaanza kurudi. Simu moja iliingiwa na ujumbe baada ya ujumbe kutwa nzima kwa Papa Plaki bila mtu kuweza kuifungua asome, na ilikuwa ni habari ya msiba, na mwenyewe akachelewa kumzika dada yake. Baada ya hapo nani angewalaumu? Plasta moja, kisha nyingine. Kila mara niliporudi Kisangani nilipita Lubunga kumwambia Mama Foni kwamba darasa linakufa, arudi. Kila mara alinipa mashauri ya kufundisha, mazuri, marefu. Kurudi alikataa. Sheria ambayo inamfukuza mwanafunzi na kumbakiza mwalimu, alisema, watoto wataiona ni mchezo, na wataingia kwenye simu za watu wakijisifu kwamba wana nia njema.

Mara ya mwisho niliyomwona, misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita tangu kikao kile. Sikwenda peke yangu. Papa Prezida alikuwa amepanda boti nami, na shati la Jumapili, bila kuniambia anataka nini. Tulivuka kwenda Lubunga, tukamkuta Mama Foni kwenye kiti uani, blanketi miguuni. Nilishtuka. Alikuwa amekonda, na sauti ile ilikuwa imeshuka hadi ukalazimika kusogeza kigoda ili umsikie. Alituletea karanga kwa mkono wa jirani. Papa Prezida alikula karanga zote kwanza. Kisha akavua kofia.

"Mama, plasta zimerudi."

"Nimesikia."

"Yangu pia imerudi." Aliigeuza kofia mikononi. "Huyu mutoto yako anafundisha vizuri." Alinionyesha mimi, na huo ulikuwa uongo wa heshima. "Lakini batu bakiambiwa hawasikie. Siku ile ulituibia, tulisikia. Donc tumekaa kikao. Ku shule, safari hii, si kanisani. Tumesimama wote, mumoja mumoja. Mama, tunakuomba ukuje utuibie."

Mimi karanga ilinipalia. Mama Foni aliinama mbele.

"Mumoja mumoja?"

"Mumoja mumoja. Kila mutu amesema mbele ya wengine: simu yangu, Mama iko na ruhusa. Hata wenye walinizomea, hata mimi. Papa Plaki amesema wa kwanza. Ile siku hukutuuliza mbele ya kuchukua. Sasa tumekuja mbele."

Mama Foni alitazama upande wa mto, ambako boti ya mchana ilikuwa inapiga honi ya kuondoka. Nilimwona anatoa blanketi miguuni, analikunja, anaweka juu ya kigoda. Akaniuliza kama ule ubao wa rangi ya mlango bado upo. Nikasema upo. Akauliza watoto waliobaki ni kina nani, nikaanza kuwataja kwa majina, akanikatiza kwa mkono: majina asitajiwe uani.

Papa Prezida alisimama, uso umefunguka wote. Alisema watamchinjia mbuzi, watamtengenezea chumba karibu na shule, Papa Plaki atamwekea taa. Kitu kimoja tu kilibaki wakijue, ili wajiandae.

"Utakuja siku gani, Mama?"

"Siku sitawaambia."

Papa Prezida alibaki amesimama. Kisha mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye mfuko wa shati, pale simu ilipokuwa, ukaufunika, na hakuutoa hadi tulipokuwa katikati ya mto.